Magongo ya Mpingo ya Masanja

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu: siku niliyofungwa mguu kwa kamba ya katani uani kwa watu, nikiwa mwanaume mzima mwenye mke. Ilikuwa miaka ya tisini, nikifanya useremala Tinde, kwenye karakana ya Mzee Shabani, aliyenifundisha kazi.

Masanja, mchimbaji wa kijijini kwetu, alikuwa amerudishwa kutoka machimbo ya Geita na mguu mmoja. Shimo lilimwangukia. Alitaka kitu kimoja tu, na alikisema waziwazi: kwenda chooni mwenyewe, bila kubebwa mgongoni na mkewe, Mama Kabula. Mzee Shabani alikuwa anasafiri kwenda msibani Nzega, akaniachia kazi. "Mtengenezee magongo ya mninga," alisema. "Vile vipande vikavu pale juu vinatosha."

Mimi nikaona mninga ni wa vitanda vya kila mtu. Nilikuwa na gogo langu la mpingo kutoka Kishapu, na mpingo, mwanangu, ni mti wa kumtia fundi kiburi. Ukiutumbukiza majini unazama. Unamaliza meno ya msumeno, na vumbi lake linakuwasha pua kutwa nzima. Lakini ukishaondoa ile sehemu nyeupe ya nje ukafikia kiini cheusi, huhitaji vanishi. Msasa na kitambaa chenye mafuta kidogo, unang'aa wenyewe. Nilihangaika nao siku tisa. Nilipoyapeleka magongo, majirani walijaa uani kuyashikashika. Masanja akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, fundi," akaenda hatua mbili, akakaa. Nikaondoka kifua mbele.

Mzee Shabani aliporudi alisikia sifa zangu sokoni, akaniambia twende tukayaone. Tukayakuta yametundikwa ukutani, yamefutwa vumbi vizuri, kama picha ya harusi. Mama Kabula alikuwa anatoka chooni, mumewe mgongoni.

"Ni mazuri mno," Masanja akasema, akiangalia chini. "Ila makwapa yamechubuka." Alikuwa ananionea haya mimi! Eti asije akaniudhi.

Mzee Shabani hakupaza sauti. Aliomba kamba, akanikunja goti, akalifunga. "Haya, shika kazi yako. Nenda chooni urudi."

Jamani! Sikufika hata kwenye banda la kuku, uzito ukanilemea. Nilianguka kifudifudi, kuku wakatawanyika. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Ulikuwa unamtengenezea nani?" mzee akauliza. Niliona aibu, na mpaka leo naiona.

Kesho yake nilianza ya mninga, na adhuhuri yalikuwa tayari. Mninga mkavu si mzito mkononi, haupindi kirahisi kwa mvua wala jua, na unakubali randa bila ugomvi. Sehemu za kwapani nilizungushia kanga kuukuu. Masanja akayachukua, akavuka ua taratibu, akaingia chooni. Tukasikia komeo linafungwa kwa ndani. Mama Kabula alibaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi. Kisha akakaa chini, akalia.

Gongo moja la mpingo Mama Kabula alilikata akafanya mchi. Nasikia bado unatwanga, haujapata hata ufa.

Basi mwanangu, ukipewa kazi usianze na mti. Anza na mtu: atabeba nini, kwa nguvu gani, mpaka wapi. Mpingo una kazi zake. Uufanye mchi, au bakora ya mzee mwenye kujivuna kama mimi. Na mtu akikusifu, rudi kwake baada ya wiki uone kama kitu chako kinatumika au kimetundikwa. Mungu aibariki mikono yako, akupe watu watakaoitumia kazi yako mpaka ichakae.