Chetezo cha Darini

Mpaka leo, harufu ya ubani ikichanganyika na ya mawe yaliyochomwa na jua, mie hurudi darini kwa bibi, Matrah huko Arabuni, nna miaka minane na kipepeo cha ukindu cha kupepea makaa mkononi.

Tulitoka Unguja mwaka ule wa sitini na nne, mie na bibi. Mama alikwishafariki. Baba yeye alipitiliza moja kwa moja Kuwait kutafuta kazi, na miaka mitatu ikapita sijamuona. Watoto wa jirani walicheza kwa Kiarabu. Mie nilicheza na kivuli changu. Basi mjomba Nasoro, aliyesomea ufundi wa ndege Misri, akija kututembelea nilimganda kama kupe.

Jioni moja bibi katwambia kesho baba anakuja kwa ndege. Mjomba naye akaanza habari za kombora linalofuata joto la injini.

"Lina jicho puani, lakini halijui sura. Joto tu! Yale ya mwanzo mazuzu kweli: jua likiwa mbele, linaiacha ndege, linakimbilia jua."

"Na ndege ya baba je?"

"Aa, hiyo iombee dua!" Akacheka, akaenda zake.

Mie sikucheka. Asubuhi bibi alipowasha chetezo afukize nyumba kwa ajili ya mgeni, nikakinyakua, nikapanda nacho darini. Kombora si lapenda moto? Basi lije kwangu. Ndege ndogo ikapita juu ya majabali kuelekea kiwanjani. Nikapepea mpaka cheche zikaruka.

Mchana akapanda mwanamme mwembamba, ndevu zina mvi.

"Wafanya nini juani, mwanangu?"

"Usinizibie upepo, ami. Nnamlinda baba. Yumo ndegeni."

Akachutama, akaomba kipepeo, akapepea taratibu. Machozi yakamtoka.

"Moshi huo, ami. Kaa upande huu."

Akahamia upande niliomwonesha. Tukapepea kwa zamu mpaka bibi akapaza sauti kutoka chini: "We Hamadi! Mwanao umemuona?"

Skuli nilikuja kusoma kwamba makaa ya chetezo yasingevuta kombora lolote. Nikacheka peke yangu. Lakini lile la baba nimelielewa juzi tu, nilipokuwa na mtoto wangu: kwa nini hakujitaja. Alikuwa akipepea huku akingoja nimjue mwenyewe.