Aparei ya Mabuye Mawili

Papa alipokufa, tuliweka karte yake ya kura mbele ya watu. Kwetu Masisi, muntu akiingia kwenye kilio anatafuta kwanza ile meza ndogo yenye picha ya marehemu, anainamisha kichwa mbele ya ule uso, ndipo anasalimia familia. Sasa sisi uso hatukuwa nao. Tukapeleka karte kwa muntu wa studio aikuze, akaikuza, na muhuri wa serikali ukakua pamoja na Papa. Ulitoka kwenye kidevu ukafika sikioni. Siku tatu nzima watu waliinamia muhuri.

Mama alikaa kwenye mukeka akiangalia ile picha. Siku ya kumaliza kilio njo aliniita pembeni. "Mie musiniweke vile," akasema. Kisha akaongeza jambo ambalo lilinichoma kuliko kifo chenyewe: "Na sura yake nitaisahau. Ule haiko yeye."

Mie ni mwalimu wa shule ya musingi huku Walikale, na hasira ninayo, hilo kila muntu analijua. Niliikasirikia familia nzima. Maharage na muhogo kila mwaka, kanisa kila juma, harusi na ubatizo bila hesabu, na hatuna hata picha moja ya baba yetu akicheka. Nikaapa Mama hatapata muhuri kwenye kidevu. Nitanunua aparei ya foto, ndogo, ya kuingia mufukoni, na kila likizo nikipanda kwetu nitamupiga Mama akiwa kwenye kazi zake, akichambua maharage, akigombana na kuku, mupaka nipate sura yake yenyewe.

Utaniuliza, telefone iko wapi? Telefone yangu kubwa ilibaki kwenye barieri, kizuizi kimoja cha njia, mikononi mwa muntu ambaye sikuwa na nguvu ya kumudai. Tangu hapo natembea na katelefone ka mabatani. Na picha za telefone nimeona zinavyokufa. Muntu anafuta kumi apate nafasi ya video moja ya upuuzi, kesho kioo kinapasuka, basi imekwisha. Nilitaka kitu chenye kazi moja tu.

Nikaanza kuuliza sokoni. Muuzaji mumoja akanitolea aparei tatu kutoka kwenye sanduku. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, inang'aa, lakini batri yake inataka shargeri yake yenyewe, na ile shargeri haikuwepo. Ya pili lenzi yake inatoka mbele, inafika nusu, inakwama na kulia. Ya tatu kioo cha nyuma kilikuwa cheusi kabisa. "Unapiga tu, Mama mwalimu, utaona kisha," akaniambia. Nikamujibu kwamba na mie ningeondoka nayo tu, pesa angeziona kisha. Watu wa meza ya pembeni wakacheka, yeye akanuna.

Njo nikamupigia kaka yangu mukubwa. Yeye anafanya biashara ndogo kati ya Pinga na Omate, kule kwenye machimbo, anapeleka chumvi na sabuni. Lakini zamani alikuwa anapiga picha za harusi, anatembea kanisa kwa kanisa, kwa hiyo hii kazi anaijua. Muke wake, mulamu wangu, alibaki mulimani Masisi. Njo yeye analima shamba la Mama, njo yeye anamuchotea maji. Kaka anarudi pale kwa Noeli na kwa kupanda, njia ikikubali.

Kaka akanipa somo refu kwenye telefone. "Kwanza, uchague ya mabuye," akasema. "Yale mabuye mawili madogo ya kutia mu radio. Batri ya shargeri itakuacha mu pori, lakini mabuye utapata kila duka. Pili, usidanganywe na zoom. Miguu yako njo zoom. Tatu, kioo kionekane na jua likiwaka. Tuma pesa, nitakuchagulia mie mwenyewe kule Goma." Nikatuma. Muntu tuliyenyonya ziwa moja, ningemuogopea nini?

Aparei ilikuja na muntu wa moto, ile pikipiki ya kubeba watu, imefungwa ndani ya soksi. Ilikuwa nyeusi, nene kidogo, rangi imechubuka kwenye pembe, na kamulango ka mabuye kamelegea. Kaka akasema ni okazyo, imekwisha kutumika, lakini ya muntu mwangalifu. Nikakata kamupira ka baiskeli nikakafunga kale kamulango, na ikafanya kazi vizuri sana. Niliipenda ile kitu. Nilipiga ubao wa darasa, mvua kwenye mabati, ndizi za jirani. Nilimusifu kaka kwa kila muntu aliyeniuliza, na wengine hawakuwa wameniuliza.

Likizo ikafika, nikapanda kwetu. Mwanzoni Mama alisimama kama muntu anayepigwa picha ya karte, mikono chini, shingo imekaza, anangoja muhuri. Siku ya tatu akazoea. Mulamu wangu alitoka zizini akakanyaga mavi ya ng'ombe na viatu vya kanisa, na Mama akacheka mupaka kitambaa kikaanguka kichwani, mapengo yote mawili nje. Nilibonyeza pale pale. Nikaangalia kwenye kioo, nikajua kwamba nimeipata.

Sasa, kurudi Walikale. Nilikumbuka barieri na telefone yangu. Aparei wakiichukua, basi, lakini ile karte ndogo ya picha hapana. Kwetu kitu cha thamani kinawekwa kwenye kibuyu cha mbegu, kule juu ya jiko, ndani ya maharage yaliyochanganywa na majivu. Papa aliweka mule makaratasi ya shamba miaka yote. Wezi hawafiki mule, na muntu wa nyumba atalala njaa lakini mbegu haigusi. Nikafunga karte kwenye kanailoni, nikaiingiza mupaka chini, nikamuambia Mama. Nilipanga kuja kuichukua likizo nyingine, nikiwa na njia nzuri.

Mvua ilikuja mapema. Mama alikuwa amelala na homa, hakuna aliyemuambia mulamu wangu kilichomo, naye akateremusha kibuyu, akakibeba shambani, akapanda. Alinipigia siku mbili kisha, Mama alipouliza. "Dada, sikuona kitu," akasema. "Nilikuwa natoa kwa mukono na kutupa mu shimo, natoa na kutupa." Walirudi na jembe wakafukua mustari baada ya mustari. Hawakupata. Mama wangu akicheka na mapengo yake alikuwa amepandwa pamoja na maharage.

Nilikata telefone nikakaa kitandani na ile aparei mukononi, bila karte ndani. Niliiwasha kwa hasira tu, nisikie ule mulio wake. Kioo kikawaka, kikaandika kwa kifaransa kwamba kinaonyesha picha za mémoire ya ndani. Kumbe aparei ina tumbo lake lenyewe, na muntu akisahau kutia karte, picha inaingia mule. Nikabonyeza. Picha ya kwanza ilikuwa mulango wa mbao. Ya pili ilikuwa mulango ule ule, umepigwa upande. Ya tatu ilikuwa Papa.

Papa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mbele ya nyumba ya mbao yenye paa la bashi, lile turubai la bluu, matope mekundu mupaka mulangoni. Anacheka. Meno yake, jicho lake la kushoto linalofunga kidogo, ndevu nyeupe, vyote vilikuwepo. Kwenye magoti yake kamekaa katoto ka kike, kameweka mukono juu ya tumbo lake, kameshika kifungo. Nyuma yao kuna mwanamuke simujui, na pembeni mbuzi kwenye kamba. Nililia, nikamubusu Papa kwenye kile kioo, na kabla machozi hayajakauka akili ikaanza kuuliza.

Kile kifungo nilikijua. Papa alikuwa amevaa triko ya kijani niliyomununulia mie, nyumbani kwangu. Mwaka mumoja kabla ya kufa alishuka Walikale, akasema anakuja kutibiwa macho. Alilala kwangu siku mbili, akibeba mutoto wangu mudogo, nikamupikia, nikamuvalisha ile triko kwa ajili ya baridi ya njia. Kisha akasema hospitali imemutuma mbele zaidi na kaka atamusindikiza. Alirudi baada ya wiki mbili. Nilimuuliza macho, akaniambia sasa anaona vizuri sana.

Jumamosi ile nikapanda moto mupaka Pinga. Kaka alikuwa kwenye meza yake ya sabuni. Sikumusalimu. Niliweka aparei juu ya gunia la chumvi, nikaiwasha, nikaigeuza upande wake.

Aliangalia, akajipangusa uso na kiganja. "Nilifuta yote," akasema. "Sikujua ina kitu ndani."

Hilo njo neno lake la kwanza. Si pole.

"Kwa hiyo aparei ni yako," nikasema. "Hukuitoa Goma."

"Ilikuwa yangu. Lakini ni nzuri, dada, sikukudanganya kwa hilo."

"Na mutoto?"

"Ni wangu. Tuko na mama yake kule Omate." Alishusha sauti kwa sababu ya wateja. "Papa njo alikuja kutoa mbuzi ya mahari kwao. Alikubali. Akasema habari isipande mulimani, atamuambia Mama yeye mwenyewe, na Mama ataongea na muke wangu wa mulimani. Kisha akagonjwa."

"Picha za Papa zilikuwa ngapi?"

Akapanga upya sabuni zake. Nikauliza tena.

"Nyingi," akasema. "Zilikuwa kwenye karte. Nilizifuta kabla ya kukutumia."

Nilikumbuka alivyokaa kwenye kilio siku zile tatu, kiti cha kwanza, akipokea watu wanaoinamia muhuri, na Papa mwenye kucheka alikuwa kwenye mufuko wake. Nilimuambia hivyo. Nilimuambia na mengine ambayo sitayaandika, na wateja wakasogea. Aliniacha nimalize, kisha akasema polepole: "Kata mutoto kwenye picha, dada. Ubaki na Papa." Nikamujibu kwamba ana mudomo na ana miguu, apande mulimani akaseme mwenyewe kwa muke wake. Akasema atapanda, kwa kuvuna.

Hakupanda. Mulamu wangu alivuna peke yake.

Nilikuwa na hasira na kaka, lakini hasira hiyo niliiweza, yeye ningali naweza kumutukana. Papa njo alinimaliza. Alikula ugali wangu, akavaa triko yangu, akanibariki mulangoni, na huku anajua anakokwenda. Muntu aliyenifundisha kusema kweli hata ikiwa fimbo iko mezani. Ningemudai wapi?

Kisha Mama akapiga. Homa ilikuwa imemuacha, lakini sauti ilikuwa nyembamba. "Jicho la Papa yenu lenye lilikuwa linafunga," akaniuliza, "lilikuwa la kuume ao la kushoto? Tangu asubuhi niko natafuta." Nikamuambia la kushoto. Nikavaa viatu nikaenda kwa muntu wa studio wa huku Walikale.

Alinikatia mwanamuke, akanikatia mbuzi, akafunika uso na mwili wa katoto mupaka hakaonekani. Kisha akasimamisha kazi. "Huu mukono siwezi, Mama mwalimu," akasema. "Umelala juu ya tumbo la muzee. Nikiutoa, naharibu muzee." Nikamuambia auache. Alinitolea picha kubwa, safi, Papa anacheka, na vidole vinne vidogo kwenye kifungo chake.

Likizo ilipofika niliibeba katikati ya vitabu viwili, imetiwa kioo. Mama aliishika kwa mikono yote miwili. Hakulia. Alipitisha kidole kwenye jicho la kushoto, kwenye ndevu, akamuita jina ambalo sisi watoto hatukuwa tunaruhusiwa kulitumia. Mulamu wangu alikuwa amepiga magoti pembeni yake, mikono bado ina udongo wa shamba.

"Na huu mukono ni wa nani?" Mama akauliza.

Nilikuwa nimejipanga kusema kweli. Nawaapia, nilikuwa nimejipanga njia nzima. Mulamu wangu aliniangalia, anatabasamu, anangoja kama Mama.

"Ni wa mutoto wangu," nikasema. "Papa alipolala kwetu Walikale."

"Alikuwa na mujukuu wake," Mama akasema, akaridhika. Na hilo ni kweli.

Kesho yake akavaa kitenge chake cha kanisa, akaomba kiti kitolewe nje kwenye mwanga. Akasema picha yake ya kwanza ilikwenda na maharage, sasa anataka moja ya kukaa, yenye tutaweka kwenye meza siku yake. Na anataka kuipiga na bwana yake. Akasimamisha ile picha kwenye magoti. Nikatia mabuye mapya, nikafunga kale kamupira, nikarudi nyuma kwa miguu mupaka wote wawili wakaingia.

"Ngoja, dada," mulamu wangu akasema. Akainama, akashika pembe ya kitenge chake, akapangusa kioo cha picha ya Papa. Kulikuwa na vumbi pale pale kwenye vidole vidogo, akalitoa vizuri, vionekane. Kisha akatoka pembeni, na mie nikabonyeza.