Nyota Iliyofunikwa

Wiki hii mvua ilinikwamisha mtaani Makiso, dukani kwa mama mmoja wa Butembo anayeuza vitenge. Redio yake ilikuwa ikitaja wakubwa wa vita, mmoja baada ya mwingine, na vyeo vyao. Mwalimu wa fizikia, naye kalowa, akamwonyesha picha kwenye simu: duara la vumbi, na ndani yake doa jekundu.

"Hii iko nini, papa?"

"Planète, mama, sayari. Ingali mutoto. Iko inaokota ile vumbi, inakomaa."

"Inawaka juu ya nini?"

"Haiyapoa tangu kuzaliwa. Ndiyo maana tunaiona."

"Na nyota yake?"

"Bale ba kupiga picha banaifunika. Mwangaza yake iko mingi sana. Bila kuifunika, hauwezi kuona mutoto."

Mama akainua kidole gumba, akaziba nacho taa ya dukani, akabaki hivyo akitazama pembeni yake kama anayemsubiri mtu.

"Mutoto ya binti yangu alizaliwa mu njia, wakati beko banakimbia vita," akasema taratibu. "Sijamuona hata mu photo."

Kisha kwa mkono uleule akazima redio.

"Alors, tufunike ba-grands ba redio kidogo."

Tukainamia simu wote watatu, kama watu waliokwenda kumtazama mzazi.

Mhariri ameniuliza mbona, na vita vyote hivi, safu yangu ya gazeti haina mkubwa hata mmoja. Nimeweka kidole hapo. Pembeni yake kuna mtoto, yuko njiani, bado ana joto.