Helikopta Iliyokwama Shume

Simu ilinikuta Muheza, niko likizo, nachagua machungwa sokoni. Helikopta ya kikosi chetu, ile ya kubebea watu na mizigo, ilikuwa imetua ghafla kwenye uwanja wa mpira wa shule moja huko Shume. Taa ya onyo ya giaboksi imewaka. Mkaguzi wa ndege aliyekuwa karibu ni mimi, basi nikayaacha machungwa nikapanda mlimani.

Taa ile nilikuwa naifahamu. Ikiwaka, maana yake sumaku iliyomo kwenye oili imenasa vipande vya chuma. Ilishawaka mara mbili kabla ya hapo, na kila mara mafundi waliifuta sumaku, wakairudisha, ndege ikaruka. Mara zote nilisema giaboksi ifunguliwe. Mara zote nikaambiwa nina woga wa kike.

Niliichomoa sumaku nikakuta vipande vyembamba, vinang'aa kama magamba ya dagaa.

"Afande, hii hairuki," nikamwambia rubani.

Alishusha pumzi. Nadhani alifarijika. Lakini mkuu wetu alikuwa kwenye simu.

"Ni taa tu hiyo. Safisheni, mshuke nayo Tanga."

"Siyo taa, afande. Ni chuma kinasagika."

"Haya. Ukiikataa, wewe ndiye utakayejua itaondokaje."

Ikabaki. Tukasubiri giaboksi nyingine, na ukungu ukatulalia. Kila asubuhi nilikutana na mwalimu mkuu, mzee wa Kishambaa mwenye koti zito.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo inaondoka?"

"Bado."

Wanafunzi walihamia kucheza mteremkoni. Mpira ukawa unaingia kwenye kabichi za watu, na wenye kabichi wakaja kunigombeza mimi, kwa Kishambaa, nami kwetu ni Songea. Nilitikisa kichwa tu. Usiku nilijilaza kwenye darasa baridi nikiwa na hasira, hata hamu ya kula sina.

Giaboksi mpya ilipofika tuliinyanyua kwa kreni ya kupakilia magogo. Helikopta ikaondoka, watoto wakashangilia.

Ile ya zamani ilifunguliwa karakanani. Beringi moja ilikuwa imelika, imebaki kidogo ivunjike. Mkuu akainama, akaitazama kwa muda.

"Kumbe," akasema.

Kisha akanigeukia. "Sasa mlikuwa mnangoja nini siku zote hizo kuifungua?"