Flash ya Mzee Lwitiko

Ni saa tatu asubuhi Tunduma. Foleni ya malori imeshajaa barabarani, na Ketrina Amoni amekaa mbele ya kompyuta inayowaka lakini haifanyi kazi. Kila faili analofungua linagoma.

"Leo siku ya tano," anasema. "Nafungua duka tu watu wasiseme nimefunga."

Ketrina ana steshenari aliyoianzisha mwaka 2010 baada ya kozi ya kompyuta. Anachapa barua, fomu za wanaovuka mpaka, kadi za harusi. Siku nzuri aliingiza shilingi elfu thelathini. Jana aliuza peni na bahasha mbili.

Virusi waliingia kwa flash ya mteja. Kwa kawaida hakuna flash inayofunguliwa hapa kabla ya kukaguliwa. Ila ile ilikuwa ya Mzee Lwitiko, mzee wa kanisa lao.

"Utamwambiaje mzee wa kanisa kwamba flash yake ina virusi? Si ni kama kumwambia hajaoga! Nikaifungua hivyo hivyo."

Fundi kutoka Mbeya alipiga windows upya, virusi wakarudi palepale. Kazi za wateja za miaka mitatu zimepotea. Bibi harusi mmoja alilia hapo kaunta, kisha akavuka mpaka kwenda Nakonde kuchapisha kadi zake upya.

Anayemwokoa ni jirani yake, Loisi, mwenye steshenari ya mlango wa pili. Kila jioni Loisi akimaliza kazi zake humwachia mashine.

"Bila Loisi ningekuwa nimesharudi kijijini Hasamba kuchuma kahawa," anasema.

Mazungumzo yanakatika. Mzee Lwitiko mwenyewe anaingia, flash inaning'inia shingoni kwa kamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimeleta ratiba ya kwaya."

"Mashine ni mbovu, mzee. Virusi."

"Aisee, pole sana! Hivi hao virusi wanatoka wapi, jamani?"

Ketrina anajifanya kupanga bahasha.

"Basi ngoja niwahi kwa Loisi," anasema mzee, na kutoka.

Kazi zote za kanisa humfikia Ketrina kupitia kwa mzee huyu. Akimuudhi, amezikosa. Anainuka na kumkimbilia.

"Mzee! Naomba usichomeke hiyo kwa Loisi. Ndiyo iliyoniua mimi."

Mzee anaitazama flash, anamtazama Ketrina. Anaitumbukiza ndani ya shati na kuondoka bila kuaga.

Ketrina anarudi kwenye kiti. Anasema akijaliwa atatafuta kompyuta ya mtumba ya kukagulia flash tu, isiyo na kazi ya mtu ndani. Mlangoni atabandika tangazo kwamba hakuna flash itakayopita bila kukaguliwa, hata ya mchungaji.

Je, kanisa litarudi?

"Sidhani," anasema, na machozi yanamlenga. "Ila mashine ya Loisi ni nzima. Jioni nitakwenda kuiomba kama kawaida."