Hudihudi Aliyemwendea Mdogo Wangu

Juzi, kwenye bustani iliyomwagiwa maji pale mtaa wa Azaiba, nilimwona hudihudi akidonoa udongo, na wivu wa utotoni ukanipanda upya.

Mwaka ule wa utotoni, joto lilikuwa limeshavunjika, na ndege wapitao walikuwa wakishuka shambani kwetu. Baba alikuwa kazini Kuwait. Bibi, aliyezaliwa Unguja, alituambia kwamba hudihudi alikuwa mjumbe wa Nabii Suleimani. Mtoto atakayeendewa na ndege huyo, alisema, ndiye atakayekumbatiwa kwanza na Baba akirudi.

Alasiri ile nilimaliza kuimwagia maji mindimu yote, kisha nikakaa mkekani kwa adabu, nikimngoja hudihudi. Udongo uliolowa ulinukia. Mdogo wangu Salim alijilaza topeni chini ya mndimu. Ndege akashuka, akakunjua kishungi chake, akamwendea yeye.

"Bibi, kanichagua mie!"

"Usimtishe, mjukuu wangu," Bibi alinong'ona. "Babako ataanza na weye."

Niliisadiki hukumu ile. Baba alipofika, nilisimama nyuma, nikamwachia Salim mikono yote miwili ya baba yetu.

Leo najua kwamba hudihudi hufuata wadudu wa ardhi laini, na ardhi ile niliilainisha mimi. Nilimpigia Salim simu kumweleza hayo rasmi, pamoja na wivu wangu. Alicheka sana.

"Wivu gani huo, kaka, na Baba keshakufa zamani?"

"Ndiyo sababu," nilimjibu. "Hawezi tena kuanza na mimi."