Sentimita Moja ya Kisiwa

Wateja walimwita Milimita, na yeye hakuwa na kinyongo. Jina alilipata kwa ubishi wake wa rula: fremu ikizidi hata unywele aliivunja na kuanza upya, mteja amesimama mlangoni anaguna. Mwaka wa thelathini na moja huu alikuwa kwenye karakana ileile ya chumba kimoja, kati ya duka la vioo na kinyozi, vumbi la mbao limemkaa mpaka kwenye nyusi. Picha zenyewe hakuzitazama. Ukimuuliza ile aliyoitia fremu juzi ilikuwa harusi ya nani, hajui. Lakini atakwambia kona yake ya chini ilikuwa imekunjika.

Kwa hiyo siku mwanamke mchoraji alipomletea picha kumi na mbili na kuzipanga mezani, Milimita alianzia kwenye kingo, kama desturi yake.

"Shikamoo, fundi. Hizi ni za maonyesho. Nimekaa miezi minne kwenye kisiwa kimoja mbali huko, siku hizi hakina mtu hata wa dawa. Nataka fremu nyeusi, zote zifanane."

"Marahaba, mwanangu. Kisiwa gani hicho?"

Akakitaja. Milimita akaiweka rula chini.

Ndiko alikozaliwa, na hakusema. Aliondoka huko kijana, akamwacha mama yake na dada yake. Miaka kumi na tisa iliyopita aliletewa habari kwamba mama amefariki, na boti ya kwenda huko ilikuwa ing'oe nanga kesho yake. Ilikwenda mara mbili tu kwa mwezi. Yeye alikuwa na fremu arobaini za shule moja hazijaisha. Akajiambia, nitapanda boti ijayo. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Maji ya kisima cha pale yalikuwa yameshaingia chumvi, na kumbe boti ile aliyoiacha ndiyo iliyokwenda kuwahamisha watu wa mwisho. Alimpokea dada yake gatini na godoro na masufuria. Boti haikwenda tena kisiwani.

"Tumemzika nyuma ya kisima," dada alimwambia. "Tumelipaka kaburi chokaa, mtu akipita baharini alione." Hakumuuliza kwa nini hakuja. Hakumuuliza siku hiyo wala mwaka wowote uliofuata, na Milimita aliona heri angetukanwa.

Picha ya tisa ilikuwa na kisima. Kona ya chini, kushoto, nyuma ya mawe, palikuwa na kitu cheupe kisichozidi punje ya mahindi. Akakivalia miwani. Akakipima: chote kilikuwa ndani ya milimita nane kutoka ukingoni. Sasa, kila fremu ina mdomo kwa ndani, ule unaoishika picha isidondoke mbele, na mdomo ule humeza sentimita nzima kila upande. Hakuna mteja aliyewahi kuililia sentimita hiyo.

Picha kumi na moja alizimaliza kwa siku tatu. Ile ya tisa alikwenda nayo nyumbani, akaisimamisha juu ya kabati.

"Picha ya watu hiyo, mume wangu," mkewe alimtania. "Ukiikodolea sana itafutika."

"Pale pembeni ni mama."

Mkewe akaacha kucheka, akaja kusimama karibu yake.

Kesho yake alitengeneza fremu isiyo na mdomo. Picha aliibandika juu ya ubao, kingo zote wazi, na mbao nyeusi zikaizunguka bila kuigusa. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya.

Mchoraji alipokuja aliliona kosa mara moja. "Fundi, hii mbona haifanani na wenzake?"

"Ile nyingine ingekula pembeni, mwanangu. Kuna kitu pale."

"Najua. Ni kaburi. Nilitaka liliwe." Akacheka kidogo, kwa haya. "Mwenye ukumbi wa maonyesho alishaniambia kaburi halinunuliki, nani atalitundika sebuleni? Lakini lipo, na mimi siwezi kuchora uongo. Ndiyo nikalisogeza ukingoni, fremu inisitiri. La nani, hata sijui."

Mtu aliyeshindwa kwenda kuzika, atalidai kaburi kwa uso gani?

"Chokaa bado ipo?" Milimita akauliza.

"Imebanduka huku na huku. Upande wa baharini ndiyo bado ipo. Kwani umewahi kufika?"

"Zamani."

"Basi nibadilishie, baba, nakuomba. Gari linakuja saa nane."

Akakata mbao za mdomo. Alikifuta kioo mara mbili, akailaza picha ndani ya fremu, akaigeuza aitazame. Palikuwa na kisima, mawe, na mbao nyeusi. Akailaza kifudifudi, akapiga misumari, akaufunika mgongo kwa karatasi ya kaki na kuibana kwa gundi pande zote nne. Hakuharakisha. Mchoraji alikaa kwenye kigoda akitazama saa yake.

"Sasa zimefanana," alisema akiridhika.

"Zimefanana."

Gari lilipoondoka, Milimita alifunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo kinyozi hakuwahi kuliona. Akakaa kwenye kigoda kilekile, akampigia dada yake simu.

"Dada, leo nimemzika mama."

Akamweleza yote, kuanzia kona ile hadi gundi.

"Kaka," dada akasema. "Siku ile kwa nini hukuja?"

Alikuwa amelingoja swali hilo miaka kumi na tisa, na majibu alikuwa nayo mengi, ameyapanga vizuri. Akayaacha yote.

"Nilikuwa na fremu za watu," akasema.